Ujumbe wa Saa Kumi

Fundi alirudi Jumanne, adhuhuri, na kwa bahati yangu mbaya mimi ndiye niliyemfungulia mlango.

Ilikuwa wiki ya tatu ya likizo ya kiangazi. Shule zimefungwa, kila mtu yuko nyumbani, na nyumba ya watoto tisa wakati wa joto haina tofauti na soko. Magodoro yalikuwa yameanikwa ukutani. Mapacha walikuwa wanagombea feni kama warithi wanaogombea shamba. Nje ya bafu palikuwa na foleni ya taulo, maana watu wenyewe walikwisha kuchoka kusimama, wakaziacha taulo ziwashikie zamu. Majirani walizoea kutuuliza kama tumefungua bweni. Baba, ambaye alikuwa mpiga chapa kwa kazi na mwenyekiti wa parokia kwa heshima, aliwajibu kila mara kwamba watoto ni baraka, kisha akaenda zake kazini na kutuachia hizo baraka.

Aliyeachiwa hasa ni Mkubwa. Ndivyo tulivyomwita dada yetu wa kwanza. Tangu Mama alipojifungua Kitinda, mtoto wa mwisho, na miguu yake ikagoma kurudia nguvu, Mkubwa ndiye aliyekuwa miguu ya nyumba ile. Yeye ndiye aliyejua nani hajala, nani ana homa, nani amevaa soksi za nani. Kati ya kazi na kazi alikaa kwenye cherehani yake barazani akishona nguo za watu. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na hajaolewa.

Mimi nilimfuata kwa miaka mitatu. Nilifundisha shule ya msingi katika mji mwingine, kwa hiyo nyumbani waliniita Mwalimu. Kiangazi kile sikuwa nimekuja likizo tu. Nilikuwa nimekuja kuolewa. Harusi ilikuwa mwisho wa mwezi, na gauni langu lilikuwa linashonwa na Mkubwa.

"Hodi wenyewe," ilisema sauti nje.

"Karibu..." nikaanza, kisha nikamtambua.

Alikuwa amepungua mashavu na kuongezeka mabega. Mkononi alishika boksi la vyombo vya useremala, lile lile lenye mpini wa kamba. Akanitazama, akacheka kidogo.

"Usiniambie umenisahau, shemeji." Kisha akasikia alichosema, kicheko kikamfia usoni. "Samahani. Mdogo wangu. Padri amenipa kazi ya kutengeneza mabenchi ya kanisa. Ameniambia ufunguo wa stoo anao baba yenu."

Kabla sijapata la kujibu, Mkubwa alitokea uani na beseni la nguo kiunoni, maji yanamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Akamwona. Beseni halikuanguka, kama linavyoanguka kwenye hadithi. Alilishusha chini taratibu, akajifuta mikono kwenye kanga, akainua uso.

"Habari za siku nyingi," alisema Fundi.

"Nzuri. Za utokako?"

"Njema. Upo?"

"Nipo," alisema Mkubwa. "Mimi niende wapi?"

Walitazamana. Sikumbuki ni kwa muda gani, ila nakumbuka mapacha waliacha kugombania feni wakageuka kuangalia. Fundi alikuwa mtu wa kutazama mbao na kuona ufa ambao wengine hatuuoni, na hivyo ndivyo alivyomtazama dada yangu. Naye Mkubwa alimtazama kama mtu anayesoma barua iliyochelewa, akitafuta mstari unaomhusu.

"Nani huyo?" Mama aliuliza kutoka sebuleni.

"Fundi, Mama," nikajibu.

"Fundi gani?"

"Fundi wa makabati."

Mama akasema, "Mpeni ufunguo aende zake. Kazi ya Mungu haingojei maongezi."

Nikauchukua ufunguo kwenye msumari, nikampa. Vidole vyangu vilikuwa baridi, na nje jua lilikuwa linachoma kama pasi.

*

Sasa niseme nilichokifanya, kwa sababu bila hicho hakuna atakayeelewa kwa nini vidole vyangu vilikuwa baridi.

Miaka minane nyuma, kiangazi kama hicho, Baba alimleta Fundi atutengenezee makabati ya nguo. Kazi ya wiki mbili ikachukua miezi miwili. Kila kabati likiisha, Fundi aligundua mlango unaolia. Kila mlango ukinyamaza, Mkubwa aligundua droo inayokwama. Sisi wadogo tulijua. Mama, aliyekuwa kitandani na Kitinda mchanga kifuani, alijua pia. Fundi alipokwenda kwa Baba kumposa, Baba alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Kijana, huna ubaya. Lakini binti huyu haondoki humu mpaka mama yake asimame." Wote tulijua kwamba daktari hakuwa ametaja siku ya Mama kusimama.

Wiki ile ile Fundi akapata kazi katika mji wa mbali. Siku ya kuondoka, saa sita mchana, alinikuta njiani natoka dukani. Alikuwa amebeba boksi lake.

"Shemeji, nakuomba kitu kimoja," aliniambia. "Nyumbani kwenu siwezi kuingia, baba yako amenikataza. Mwambie Mkubwa nitakuwa kituo cha treni hadi saa kumi. Akija, tutarudi wote kwa mzee, nitapiga magoti mpaka anikubali. Akiniambia nisubiri, nitasubiri hata miaka. Asipokuja, nitajua neno la baba yenu ni neno lake pia."

"Nitamwambia," nilisema.

Na nilikusudia. Nilikimbia. Lakini mfukoni nilikuwa na barua ya kuitwa chuo cha ualimu, iliyofika asubuhi ile ile, ambayo nilikuwa sijamwonyesha mtu. Nilipofika mlangoni nikamwona Mkubwa: mgongoni mtoto, jikoni sufuria, chumbani Mama anaita. Nikajiuliza, akiondoka huyu, nani atasimama pale aliposimama? Nilikuwa na miaka ishirini. Nikapiga hesabu upesi, na jibu lilikuwa mimi.

Nikanyamaza. Tukala chakula cha mchana. Saa kumi honi ya treni ililia, ikasikika hadi kwetu. Jioni Mkubwa aliniuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana anauliza, "Hukumwona Fundi leo?"

"Sikumwona," nilisema.

Maneno hayo hayakuwa na uzito wowote yakitoka. Uzito yaliupata baadaye. Nilikwenda chuo. Nikawa Mwalimu. Kila nilipokuja likizo, Mkubwa alinipokea kwa maji ya kuoga na shuka safi, nami kila Jumapili, watu walipojipiga kifua wakikiri kwamba wamekosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu, hilo la mwisho nilikuwa nikilisema kwa kukohoa.

*

Alhamisi Baba alinituma kanisani kupeleka kopo la vanishi. Fundi alikuwa peke yake, amepiga magoti si kwa kusali bali kwa kukaza skrubu. Vumbi la mbao lilikuwa limemkaa kwenye nyusi.

"Weka hapo, mdogo wangu. Asante." Hakuinua kichwa. "Nasikia unaolewa. Hongera."

"Asante."

"Na yeye? Hakuna aliyemposa tena?"

"Walikuja wawili. Aliwakataa."

Akaacha kukaza. "Mimi nilimchumbia mmoja huko niliko. Msichana mzuri, hana neno. Mama yake akaniita pembeni akaniambia, baba, mbona mwanangu unamtazama kama unatafuta mtu aliyesimama nyuma yake? Ikaishia hapo." Alicheka bila furaha. "Nina swali limenikaa miaka minane. Siku ile ulipompa ule ujumbe wangu, alisema nini?"

Mlango ulikuwa wazi. Kichwani nilikuwa na neno moja tu la kusema: sikumpa. Ni neno dogo, hata Kitinda anaweza kulitamka. Nikamtazama Fundi machoni.

"Hakusema kitu," nilijibu. "Alinyamaza."

Akatikisa kichwa polepole, kama mgonjwa anayeambiwa na daktari kile alichokwisha kujua. "Basi," alisema. "Jumatatu napanda treni. Mwambie namtakia heri." Kisha akakumbuka. "Au usimwambie. Haina maana tena."

Niliweka kopo la vanishi sakafuni, nikatoka. Mara ya kwanza ningeweza kusema nilikuwa mtoto. Hii ya pili nilikuwa na miaka ishirini na minane, na pete ya uchumba kidoleni.

*

Jumamosi nilikwenda kuungama. Padri wetu alikuwa mzee, mzito wa masikio, na waumini walisema parokia yetu haina siri, ina padri asiyesikia. Waliokuwa wakisubiri zamu walikuwa na ustaarabu wa kuimba nyimbo za Bikira Maria kwa nguvu ili dhambi za aliye ndani zisiwafikie. Siku ile waliimba vizuri mno. Nililazimika kukisema kisa changu mara mbili.

"Ulisahau kumpa?" Padri aliuliza.

"Hapana, Padri. Nilikumbuka vizuri."

"Nani?"

"Nilikumbuka! Nilinyamaza makusudi. Halafu nikadanganya. Na juzi nikadanganya tena."

Nje wimbo ukaongezwa ubeti. Padri akakaa kimya, na nikadhani safari hii pia hakusikia. Kisha akasema kwa upole, "Binti yangu, nikikupa Rozari utaisali upesi upesi, kisha utalala usingizi. Sikupi Rozari. Mungu anakusamehe, hilo halina shaka. Lakini ulichokichukua ni cha dada yako, na mimi siwezi kukutolea msamaha wa kitu chake. Nenda ukamrudishie."

"Nitarudishaje miaka minane, Padri?"

"Miaka huwezi," alisema. "Ukweli unaweza."

*

Nilipofika nyumbani Mkubwa alikuwa ananisubiri chumbani kwa wasichana, na gauni langu jeupe limelazwa kitandani kama mgonjwa wa heshima.

"Ulikuwa wapi? Panda juu ya kiti nipime upindo. Upesi, kabla jua halijageukia dirisha hili tukaiva."

Nikavaa, nikapanda. Akapiga magoti chini, pini sita mdomoni, akaanza kukizunguka kiti akikunja na kuchoma, akikunja na kuchoma. Kutoka juu niliona utosi wake. Kulikuwa na mvi mbili, tatu. Sikuwahi kuziona, maana siku zote yeye ndiye aliyekuwa akinitazama mimi kutoka juu.

"Mkubwa."

"Mm."

"Fundi hakuondoka bila kuaga."

Mikono yake ikasimama kwenye upindo.

"Alinipa ujumbe wako. Saa sita mchana. Sikukupa."

Hakuinuka. Alizitoa pini mdomoni, moja, nyingine, nyingine, akizichomeka kwenye kitakia cha pini alichofunga kifundoni mwa mkono, na hakuna hata moja iliyoanguka. Ya sita ilipokwisha ndipo aliposema.

"Alisemaje? Nataka maneno yake, si yako."

Nikayasema. Nilikuwa nayo yote, neno kwa neno. Kwa miaka minane sikuwa nimepoteza hata moja.

"Saa sita," alisema. "Na treni saa kumi. Kwa hiyo ulikaa nayo kwa saa nne. Tulikula pamoja mchana ule."

"Ndiyo."

"Uliniomba nikuongezee mchuzi."

"Ndiyo, dada."

"Nikakuongezea." Akaunyoosha upindo kwa kidole. "Alivaa nini?"

"Nani?"

"Siku ile. Alivaa nini?"

"Shati la buluu. Lile ulilomshonea wewe."

Hapo ndipo alipokaa sakafuni, kama mtu aliyekatwa kamba. Nilitaka kushuka, akaninyooshea kidole nisishuke.

"Unajua nimekuwa nikifanya nini miaka yote hii?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ilinitisha kuliko kelele. "Nimekuwa nikitafuta kosa langu. Mtu hakuachi hivi hivi bila hata kwaheri. Nikasema, labda nilinuka nepi. Labda niliongea sana. Nikaacha kucheka kwa sauti, Mwalimu, kwa sababu nilidhani labda ni kicheko changu kilichomkimbiza. Uliniona nimeacha kucheka. Hukuniona?"

"Nilikuona."

"Ukaniona, ukanyamaza."

"Nilikuwa na barua ya chuo mfukoni," nilisema. "Ungeondoka, mimi ningebaki."

"Ungeniambia hivyo."

"Ungekubali kubaki."

"Ningekubali!" Kwa mara ya kwanza alipaza sauti. "Ndiyo, ningekubali, nakujua na ninajijua. Ningekwenda kituoni nikamwambia nisubiri, na angenisubiri. Ningekulea wewe, ningewalea hawa, na moyoni ningekuwa na kitu changu. Ulininyima hata nafasi ya kutoa. Ulichukua, kisha ukaacha nidhani nimenyimwa."

Fimbo ya Mama, aliyojikokotea nayo hatua chache kwa siku, ikagonga sakafu. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mkono mmoja, anahema kwa safari ya kutoka sebuleni. Hakumtazama Mkubwa. Alinitazama mimi.

"Miaka minane ulinyamaza," aliniambia. "Ungeshindwa nini na siku mbili? Jumatatu anaondoka."

Mkubwa akageuza kichwa polepole. "Mama. Ulijua?"

"Sikujua. Nilikuwa kitandani karibu na dirisha. Nilimwona huyu anarudi mbio, uso umejaa maneno. Alipoingia, uso ukawa umefungwa. Sikumuuliza. Asiyeuliza hana kosa."

"Ana kosa, Mama," alisema Mkubwa.

"Nilikuwa na mtoto wa wiki tatu na miguu ya nguo!" Mama aliigonga fimbo chini. "Nani angenigeuza kitandani? Nani? Nilimwomba Mungu asikuchukue. Alinijibu. Sikutaka kujua alipitia wapi kunijibu."

Uani mapacha walikuwa wanarushiana maji na kupiga mayowe, na kicheko chao kiliingia chumbani kama mgeni asiyejua kuna msiba.

Mkubwa akainuka, akajipangusa magoti. "Vua gauni," aliniambia. "Taratibu, pini zisikuchome."

Hata saa ile. Pini zisikuchome. Nilivua nikilia kama mtoto mdogo, naye akalipokea gauni, akalilaza, akalinyoosha mikunjo.

"Yuko kanisani?"

"Ndiyo. Anamalizia."

"Nenda ukamwambie. Usilainishe wala usijitetee. Mwambie ujumbe wake nimeupata leo, saa tisa na nusu."

"Na jibu?"

"Jibu halikuhusu. Nina kinywa."

*

Nilimkuta Fundi anapiga randa ubao wa mwisho. Nilimwambia nikiwa nimesimama, mikono nyuma, kama wanafunzi wangu wanavyosimama mbele yangu. Randa ilisimama katikati ya ubao.

"Alhamisi nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Ukanitazama machoni."

"Nilikutazama."

Akakaa kwenye benchi alilolitengeneza, mikono imening'inia kati ya magoti. Nilitamani anitukane. "Nilimchukia," alisema mwishowe. "Wewe hujui. Nilikuwa nikilala namchukia, naamka namchukia, kwa sababu ndiyo njia pekee niliyoijua ya kutomkumbuka. Mtu asiye na kosa. Kwa hilo sasa, nani atamwomba radhi?"

"Mimi."

"Hapana. Hilo ni langu." Akasimama. Alinipita bila kunigusa, akaacha vyombo vyake vimetapakaa sakafuni, kitu ambacho fundi yule hakuwahi kukifanya maishani mwake, akashuka ngazi za kanisa akiwa na vumbi la mbao kichwani.

Sikumfikia. Nilipoingia uani nikihema, Fundi alikuwa amesimama karibu na kamba ya nguo, na Mkubwa kwenye ngazi ya baraza. Hakuwa amebadili nguo. Alikuwa na gauni lake la kazi na ndala za nyumbani, kitakia cha pini bado kifundoni. Baba alikuwa amekwisha kurudi, ameketi kitini na gazeti. Mama alikuwa dirishani. Wadogo zetu walikuwa wamejipanga ukutani, wakubwa kwa wadogo, hakuna aliyetikisika.

"Saa kumi ile," Mkubwa alimwambia Fundi, "nilikuwa namwogesha mtoto."

Fundi alishika kamba ya nguo.

"Nilisikia honi. Nikamwambia mtoto, unasikia, mama? Wenzetu wanasafiri." Sauti ikamkatika, akairudisha. "Sikujua ni wewe."

"Nilisimama kwenye mlango wa behewa mpaka mji ukaisha," alisema Fundi. "Nilidhani labda umechelewa. Nilidhani labda unakimbia."

"Ningekimbia."

"Nilikusema vibaya moyoni. Miaka yote. Nisamehe."

"Na mimi nilikusema," alisema Mkubwa, na machozi yakamtoka huku anatabasamu, "tena nilikusema kwa sauti, kwenye cherehani, kila sindano ilipokatika."

Baba alishusha gazeti. "Kuna nini hapa? Mkubwa, mgeni huyu amekuja kwa nani?"

"Kwangu, Baba."

"Nilishasema neno langu kuhusu jambo hili."

"Ulisema mpaka Mama asimame." Mkubwa alielekeza kidole dirishani. "Yule amesimama."

Kweli, Mama alikuwa amesimama, ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Baba alimtazama mkewe kwa muda, na kwa mara ya kwanza nilimwona mwenyekiti wa parokia akikosa hoja.

"Natoka kidogo," alisema Mkubwa.

"Unatoka? Na chakula cha jioni?"

"Sijui, Baba. Waulize wanao. Wamebaki wanane."

Mmoja wa mapacha alicheka, mwenzake akamfinya. Mkubwa akashuka ngazi. Alipofika karibu nami, nilimshika mkono.

"Dada, nisamehe. Nitaahirisha harusi. Nitarudi nyumbani, nitamtunza Mama, wewe uende..."

"Usianze tena," alinikatiza. "Usiniamulie tena maisha yangu, hata kwa wema. Sijasema nakwenda popote. Nakwenda kutembea na mtu, nimsikilize, anisikilize. Nikitaka kuondoka nitaondoka, nikitaka kubaki nitabaki, na nitakaposema nitasema kwa kinywa changu." Alinitazama, na macho yake yalikuwa yamechoka, lakini hayakuwa na sumu. "Kinywa kimekwisha kukusamehe, Mwalimu. Moyo uko nyuma, unakuja kwa miguu. Usiuharakishe."

Akautoa mkono wake mkononi mwangu. Fundi alimfungulia geti. Wakatoka mchana kweupe, mbele ya majirani wote, bila kushikana, nafasi ya mtu mmoja kati yao. Walipofika kwenye kona Fundi alisema kitu, sikukisikia, na Mkubwa akacheka. Alicheka kwa sauti. Wadogo zetu waliangaliana. Kitinda, aliyekuwa na miaka minane, akaniuliza ni nani aliyecheka vile, maana kicheko hicho hakuwahi kukisikia.

Nilibaki nimesimama kwenye kamba ya nguo, jua la alasiri linanipiga usoni, na nilitamani kufurahi, na nilifurahi, lakini furaha yenyewe ilikuwa inauma kama kiatu cha mtu mwingine.

Ndani, fimbo ikagonga sakafu mara mbili, kwa mazoea ya miaka minane.

"Mkubwa!" Mama aliita. "Mkubwa, niletee maji!"

Baba alikuwa ameshika gazeti bila kulisoma. Nyumba nzima ilikuwa inamngojea mtu ambaye hayupo aitike.

"Abee, Mama," niliitika, nikaingia ndani.